Ni Nani Anayeiharakisha Krismasi?

Kama unaishi mjini huenda jambo hili umekwisha kuliona kwa macho yako mwenyewe. Bado ni Oktoba. Mvua za vuli hazijashika sawasawa, watoto hawajamaliza mitihani ya kufunga mwaka, na tayari katika maduka makubwa miti ya plastiki imesimamishwa, taa zinawaka na kuzima, na yule mzee wa ndevu nyeupe amevalishwa koti zito la baridi huku wauzaji wenyewe wakijipepea kwa vipande vya maboksi. Nyimbo za kuzaliwa kwa Mwokozi zinapigwa wiki kumi kabla ya siku yenyewe. Mtoto anamvuta mama mkono na kuonyesha kidole. Mama anatabasamu, lakini moyoni ameanza kupiga hesabu.

Makala hii inahusu hesabu hiyo. Si nia yetu kuwakaripia wenye maduka, maana wao wanafanya kazi yao, na wengine ni waumini wenzetu. Lakini mambo haya ya kuianza Krismasi mapema hayakuzaliwa kwetu, na ni vema akina mama tujue yalikotoka, na tujue pia namna mataifa mengine yanavyoikaribia sikukuu hii. Yako mataifa ambayo yameuzwa mpaka siku za kalenda. Yako mengine ambayo yamejua kusubiri.

Alhamisi iliyohamishwa

Tuanze na Marekani, kwa sababu huko ndiko kuna kisa ambacho kila mama anayeshika mkoba wa nyumba angepaswa kukijua.

Wamarekani wana Siku ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi mwezi wa Novemba. Familia hukutana, hula bata mzinga, na kumshukuru Mungu kwa mavuno na neema za mwaka. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi kwamba wenye maduka hawaanzi biashara ya Krismasi mpaka siku hiyo ipite. Ilikuwa kama uzio: upande huu shukrani, upande ule maandalizi ya Krismasi. Sasa mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na ile ya mwisho ilianguka tarehe 30. Wafanyabiashara wakubwa wakaona wamebakiwa na siku 24 tu za kuuza. Wakamwendea Rais Franklin Roosevelt na kumwomba aisogeze Siku ya Shukrani nyuma kwa wiki moja. Naye mwezi wa Agosti akatangaza kwamba mwaka ule itakuwa Novemba 23.

Msukosuko uliofuata haukuwa mdogo. Kalenda zilikwisha kuchapwa. Shule na vyuo vilikwisha kupanga likizo na michezo. Kati ya majimbo 48 yaliyokuwapo wakati ule, 23 yalimfuata Rais, 22 yalikataa, na matatu yakasherehekea siku zote mbili. Hebu fikiri binti aliyeolewa jimbo hili na wazazi wake wanaishi jimbo lile: mmoja anashukuru wiki hii, mwingine wiki ijayo, na meza ya familia imegawanyika kwa sababu ya mauzo ya dukani.

Na faida iliyopatikana? Baada ya kujaribu mwaka 1939 na 1940, Rais mwenyewe alikiri mwaka 1941 kwamba biashara haikuongezeka kama ilivyotarajiwa. Desemba ya mwaka huohuo sheria ikapitishwa kuiweka siku hiyo Alhamisi ya nne ya Novemba, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Mama yeyote angeweza kuwaambia jambo hili kabla hawajajisumbua. Mshahara hauongezeki kwa sababu kalenda imesogezwa. Fedha iliyomo mkobani ni ileile. Ukiongezewa wiki ya kununua hukuongezewa shilingi. Umeongezewa siku za kushawishiwa tu. Hata hivyo somo hilo halikushika, maana siku hizi huko Marekani hata hiyo Siku ya Shukrani haisubiriwi, na bidhaa za Krismasi hupangwa rafuni mwezi wa Oktoba au kabla yake. Ijumaa inayoifuata imegeuzwa kuwa siku ya punguzo la bei, na jina lake, Black Friday, limesafiri mpaka kwetu, tusiokuwa hata na hiyo Alhamisi yake ya shukrani!

Wanawake waliosema "nunua mapema" kwa sababu nyingine

Lakini tusije tukadhani kwamba kila aliyehimiza watu wanunue mapema alikuwa mchuuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 majuma ya mwisho kabla ya Krismasi yalikuwa mateso kwa wasichana waliouza katika maduka ya miji mikubwa ya Marekani. Walisimama tangu asubuhi mpaka usiku, mara nyingi bila malipo ya ziada, na wavulana wadogo walitumwa kwenye baridi ya usiku kupeleka vifurushi vya wateja waliochelewa. Mama mmoja, Florence Kelley, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Kitaifa wa Wateja tangu mwaka 1899, aliwasihi wanawake wenzake wanunue mapema ili watumishi wale wapate kupumzika. Ilikuwa huruma. Ndipo wafanyabiashara walipolichukua neno lilelile "mapema" na kulipachika kwenye matangazo yao, na ile huruma ikabaki njiani.

Mwaka 1912 katika mji wa New York wanawake wengine wakaunda chama ambacho jina lake tunaweza kulitafsiri kuwa Chama cha Kuzuia Zawadi Zisizo na Maana. Walioongoza ni Eleanor Belmont, aliyekuwa mwigizaji maarufu, na Anne Morgan, binti wa tajiri wa benki J. P. Morgan, lakini nguvu yake ilikuwa wasichana wa kazi, wa viwandani na madukani. Kilio chao kilikuwa hiki: kila Krismasi walilazimika kuchangishana katika mishahara yao midogo ili kumnunulia zawadi msimamizi wao, na ole wake asiyetoa. Chama kikawapa ujasiri wa kukataa wakiwa wengi. Hata Rais wa zamani, Theodore Roosevelt, alijiunga.

Akina mama wa Tanzania, je, hatuwafahamu wasichana wale? Ni nani kati yetu ambaye hajapokea kadi tatu za michango katika wiki moja ya Novemba: kipaimara cha mtoto wa jirani, send-off ya binti wa kazini, harusi ya mtoto wa mwenyekiti? Hatusemi michango ni mibaya. Imetuzikia wafu wetu na kutuozea watoto. Lakini mchango unaotolewa kwa hofu ya kusemwa si zawadi tena, na wale wasichana wa New York walikuwa na haki ya kusema hivyo.

Gurudumu la Hamburg

Wengi wetu tuliolelewa katika makanisa yaliyoanzishwa na wamisionari kutoka Ujerumani tumezoea kuona mishumaa minne ya Majilio, mmoja ukiwashwa kila Jumapili. Asili yake ni habari tamu. Katika mji wa Hamburg mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini, aliyoianzisha mwaka 1833. Kila Desemba watoto walimchosha kwa swali moja: Krismasi bado siku ngapi? Basi mwaka 1839 akachukua gurudumu la gari la kukokotwa, akalitundika, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na minne mikubwa meupe kwa Jumapili za Majilio. Kila siku ukawashwa mshumaa mwingine. Mtoto aliyetaka kujua siku zilizosalia alihesabu mishumaa ambayo haijawashwa.

Utaona kwamba yule mchungaji hakuwaambia watoto waache kuuliza, wala hakuwapa Krismasi kabla ya wakati. Aliwapa kitu cha kuhesabia. Na nuru ilizidi siku kwa siku, hata siku yenyewe ilipofika chumba kilikuwa kinang'aa.

Wajerumani wa leo nao wana shida yetu. Biskuti za viungo, ambazo ni za Majilio, huonekana madukani tangu mwishoni mwa Agosti au Septemba. Lakini wako waliosimama. Kanisa la Kiinjili la huko limekuwa na kampeni ya kuwakumbusha watu kwamba kila jambo lina wakati wake na kwamba Majilio ni Desemba. Yako pia mapokeo kwamba masoko ya Krismasi yasifunguliwe kabla ya Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, iliyo ya mwisho kabla ya Majilio; kwanza tuwalilie wapendwa wetu, ndipo tufanye sherehe. Na mji wa Berlin ulipotunga sheria ya kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za Majilio, makanisa, la Kiinjili na la Katoliki kwa pamoja, yalikwenda mahakamani. Tarehe 1 Desemba 2009 Mahakama Kuu ya Katiba iliamua kwamba sheria ile inakwenda kinyume cha katiba, kwani hamu ya muuzaji kuuza na ya mnunuzi kununua si sababu ya kutosha ya kuifuta siku ya pumziko. Tunapenda kulifikiria jambo hili tukiwakumbuka mabinti wanaotuuzia nguo pale Kariakoo mpaka saa nne usiku wa mkesha, ambao nao wana watoto nyumbani.

Kujiandaa si kuzaa

Hapa mtuvumilie, maana sisi wauguzi hatuwezi kupita karibu na habari ya kuzaliwa bila kusema neno la kliniki.

Mama mjamzito akija kliniki tunamwambia ajiandae mapema. Aweke kanga safi, pamba, glovu na nguo za mtoto katika mfuko mmoja. Aweke akiba ya nauli. Ajue atasindikizwa na nani usiku wa manane, na nani atabaki na wale wakubwa. Haya yote tunataka yawe tayari miezi kabla. Lakini hakuna muuguzi mwenye akili anayemwombea mama ajifungue mwezi wa saba kwa sababu mfuko umekwisha kufungwa! Mtoto njiti tunampokea kwa upendo na tunampigania, lakini kila mtu wodini anajua kwamba kilichomleta mapema hakikuwa kheri.

Ndivyo tunavyoiona Krismasi ya Oktoba. Ni njiti. Imetolewa kabla mama hajawa tayari, na inahitaji fedha nyingi kuiweka hai. Mpaka ifike tarehe 25 yenyewe watoto wamechoka na nyimbo, baba amechoka na matumizi, na mama amechoka na vyote viwili. Tarehe 26 inakuwa imekwisha, wakati kwa kalenda ya Kanisa sikukuu ndiyo kwanza inaanza na inaendelea hata Epifania. Huko Hispania watoto wengi hupokea zawadi zao Januari 6, siku ya Mamajusi, na mwaka mpya hauwi jangwa.

Wanaofunga, wanaoamka alfajiri, na wanaoagiza kuku

Hatuhitaji kwenda mbali kuona watu wanaojua kusubiri. Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea Kuzaliwa kwa Kristo, wakiita Gena, tarehe 7 Januari. Kabla yake hufunga zaidi ya siku 40, tangu mwishoni mwa Novemba: hawali nyama, maziwa wala mayai. Mama wa Kiethiopia anayetaka kuwapikia wanawe mchuzi mzito wa kuku wa sikukuu anajua utakuwa mtamu, kwa sababu nyumba nzima haijaonja kuku tangu mfungo uanze. Usiku wa mkesha watu huvaa mavazi meupe na kusimama kanisani mpaka karibu na alfajiri, na huko Lalibela, kwenye makanisa yaliyochongwa katika mwamba, maelfu hufika, wengi kwa miguu.

Ufilipino ni habari ya namna nyingine, na inatufunza tusihukumu haraka. Hakuna nchi inayoanza Krismasi mapema kama hiyo. Ikifika Septemba Mosi tu redio huanza nyimbo. Ungesema hawa ndio waliopotea kuliko wote. Lakini taifa lile lina mamilioni ya watu wanaofanya kazi ng'ambo, wakiwamo wauguzi wengi sana, dada zetu wa kazi, ambao huhudumia wodi za Uarabuni, Ulaya na Marekani. Mama aliye Riyadh au London akitaka sanduku la zawadi liwafikie wanawe kwa meli, hana budi kuanza kulijaza miezi kabla. Kwake yeye "mapema" ni umbali wa bahari. Na ikifika Desemba 16 watu huamka usiku, kukiwa bado giza, kwenda ibada ya alfajiri kwa siku tisa mfululizo mpaka tarehe 24. Wakitoka, nje ya kanisa wanakuta bibingka za moto, mkate wa unga wa mchele na tui la nazi, ambao dada zetu wa pwani wakiuonja wangesema ni ndugu wa mkate wa kumimina. Tena sheria yao ya mwaka 1975 humdai mwajiri amlipe mfanyakazi mshahara wa mwezi wa 13 kabla ya Krismasi. Nyimbo za Septemba tungewaachia wenyewe, ila sheria hiyo tungeipokea kwa mikono miwili.

Tofauti na hao, Venezuela iliianza Krismasi kwa amri ya serikali. Mwaka 2024, katikati ya ugomvi mkubwa kuhusu matokeo ya uchaguzi, Rais Nicolás Maduro alitangaza kwamba Krismasi ya mwaka ule itaanza Oktoba 1. Maaskofu Wakatoliki wakajibu kwa upole lakini wazi: wakati wa sikukuu hii ni jambo la Kanisa kuamua, nayo huanza Desemba 25, isitumiwe kwa propaganda za siasa.

Na Japani, ambako Wakristo ni wachache sana, kampuni moja ya Kimarekani ya kuku wa kukaanga ilianza mwaka 1974 kutangaza nchi nzima kwamba Krismasi ni kula kuku wake. Watu wakaamini, na mpaka leo familia nyingi huagiza kuku huyo wiki kadhaa kabla. Hatuwacheki, maana wao hawakuwa na Krismasi ya kupoteza. Ila inaonyesha kwamba tangazo lina nguvu ya kutengeneza mapokeo mazima katika kizazi kimoja, na hakuna sababu ya kudhani watoto wetu wana kinga.

Desemba na Januari ni majirani

Sasa turudi nyumbani. Watanzania wana utani kwamba ndugu zetu Wachagga kila Desemba hupanda mlimani "kwenda kuhesabiwa". Utani huo una utamu wake, kwani Yusufu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kwa sababu hiyohiyo. Kusafiri kwenda kwa wazazi, kukaa jikoni na mama mkwe, kuwaonyesha watoto makaburi ya babu zao, hivyo si biashara na tusiviache. Lakini wote tunajua nauli inavyopanda, na kijana anavyoogopa kufika kijijini mikono mitupu, na baba anavyotaka mbuzi wake aonekane.

Lakini Januari haiko mbali. Shule zinafunguliwa. Ni kweli tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na Mungu ajaliwe sifa. Lakini sare, viatu, madaftari, begi, na ile orodha ndefu ya mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza, godoro na ndoo na jembe, havikuondolewa. Aliye na mtoto shule ya binafsi ana ada juu ya hayo yote.

Tuseme tunachokiona kazini. Kila mwaka, Januari na Februari, wako akina mama na akina baba wa kliniki ya shinikizo la damu na ya kisukari wanaorudi wakiwa na hali mbaya. Tukiwauliza dawa, wanasema ziliisha kabla ya sikukuu. Tukiuliza mbona hawakununua nyingine, wanatazama chini. Wako wengine ambao wamekopa. Mikopo hii ya haraka inayotangazwa mitaani na kwenye simu, watu wenyewe wameiita "kausha damu", na jina hilo limewafaa. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikopa Desemba anunulie watoto wanne nguo mpya na viatu. Februari walikuja kumchukulia jokofu ambalo ndilo alilokuwa akigandishia barafu za kuuza. Nguo zile zilikuwa bado hazijapauka.

Mahali pa kuweka akiba

Dawa ya haya si kuikataa Krismasi. Dawa ni kuiandalia mapema kimyakimya, kama ule mfuko wa kliniki. Hili nalo si geni. Mwaka 1909 katika mji mdogo wa Carlisle, Pennsylvania, benki moja ilianzisha klabu ya akiba ya Krismasi: mtu anaweka fedha kidogo kila wiki, haguswi mpaka Desemba. Mpango huo ulienea Marekani yote. Sisi tuna vikoba vyetu, na vingi huvunjwa Desemba ili wanachama wagawane.

Lakini hapa tuongeze onyo. Uingereza kulikuwa na kampuni iitwayo Farepak iliyokusanya akiba za Krismasi kwa mwaka mzima, kisha mwanachama akapewa vocha za kununulia vyakula na zawadi. Wengi walikuwa wanawake wa kipato cha chini, na waliokusanya fedha hizo walikuwa majirani zao, mama kwa mama. Oktoba 2006 kampuni ikaanguka. Watu zaidi ya 100,000 walipoteza, kwa wastani, karibu pauni 400 kila mmoja, miezi miwili kabla ya sikukuu. Waliorudishiwa walirudishiwa sehemu tu, na kwa kungoja miaka. Wale majirani waliokusanya walibaki na aibu ambayo haikuwa yao. Kwa hiyo, mama, usiangalie tu kwamba unaweka, angalia unapoweka. Lile sanduku la kikoba lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti si mchezo. Kitabu kisomwe mbele ya wote. Anayesema "mniamini tu" asipewe.

Katika kikundi chetu cha akina mama wa kanisa tuliamua, baada ya mabishano marefu na hata kununiana kidogo, kugawana mara mbili: sehemu Desemba, na sehemu wiki ya kwanza ya Januari. Waliopinga walisema fedha ni zao na hawahitaji kulelewa. Walikuwa na haki, kwa hiyo tulikubaliana kila mwaka kila mmoja aandike mwenyewe, mwezi wa Julai, ni kiasi gani anataka kibaki sandukuni mpaka Januari. Julai hakuna taa zinazowaka dukani, na mtu huandika kwa akili tulivu. Mwaka wa kwanza wachache waliandika sifuri. Mwaka wa pili hakuna aliyeandika sifuri.

Mengine ni madogo. Kitambaa cha sare tunanunua Oktoba, fundi akiwa hana foleni na bado ana subira ya kupima vizuri. Dawa za wazee wetu tunanunua za miezi miwili kabla mbuzi hajazungumzwa. Na katika wiki ya kwanza ya Novemba tunakaa na baba watoto jioni, redio ikiwa imezimwa, tukaandika kwenye karatasi moja vitu vyote: nauli, mbuzi, sadaka ya Krismasi, michango tuliyokwisha kuahidi, sare, madaftari. Baba akiona Januari imeandikwa kwenye karatasi ileile yenye mbuzi, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayempunguza mbuzi kuwa kuku wawili.

Kwa watoto wanaouliza bado siku ngapi, huhitaji gurudumu la Hamburg. Sahani ya bati inatosha, na mishumaa minne ya kawaida, ile tunayoiweka kwa ajili ya umeme kukatika. Wenye miti ya mkrismasi mtaani wana bahati, kwani Novemba na Desemba huchanua mekundu bila kununuliwa taa. Kata kitawi kimoja, uzungushe sahani. Washa mmoja Jumapili ya kwanza ya Majilio baada ya chakula cha jioni, msomee sura ya kwanza ya Luka, kidogo kidogo, sehemu moja kila wiki, ili habari ya kuzaliwa isifike kabla ya mshumaa wa nne. Mwachie mtoto mdogo kuliko wote kazi ya kuuzima, na mkubwa akae karibu yake, maana wodini kwetu tumepokea watoto wengi mno walioungua.